Anti, mwanangu kagongwa kichwa uwanjani na fomu ya kumrudisha inasubiri sahihi yangu

BARUA

Shikamoo anti. Naomba jina langu usilitoe maana huku tuliko tunajuana wote, misibani na harusini tunakutana walewale. Mi ni mama wa watoto watatu, kwetu Tanga, ila nimeolewa na Mkenya wa Nakuru na tunaishi Texas miaka mingi sasa.

Shida yangu ni kijana wangu mkubwa. Ana miaka 16, yuko hai skuli mwaka wa tatu, anacheza huu mpira wa Kimarekani wa helmeti. Anacheza lainbeka, yaani kazi yake ni kumkimbilia mwenye mpira kwa nguvu zote na kumwangusha chini. Anaijua kazi hiyo kwelikweli. Kwa ambao hawajafika Texas, wakati wa msimu Ijumaa usiku mji mzima unahamia uwanjani, bendi inapiga, makanisa yanaombea timu, na watoto wadogo wanavaa jezi yenye namba ya mwanangu mgongoni. Mtoto wa Kiafrika ambaye shule ya msingi walikuwa wanamcheka anavyoongea, leo anapita dukani watu wazima wanamsalimia kwa jina. Naelewa kwa nini anaupenda.

Mwezi uliopita kwenye gemu aligongana kichwa kwa kichwa na mtu wa timu ile nyingine. Akaanguka, akaamka, akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani. Mi niko jukwaani nadhani anatania, kumbe hajui yuko wapi. Yule mtaalamu wa afya wa timu akamkamata mkono akamtoa, hakurudi tena siku hiyo, na daktari alipompima akasema ni mtikisiko wa ubongo. Akapumzishwa, baadae akaanza zile hatua zao za kumrudisha taratibu, leo baiskeli, kesho kukimbia. Daktari kashasaini kuwa mtoto yuko sawa. Sasa imebaki sahihi ya mzazi, na Ijumaa ijayo kuna watu wa chuo wanakuja kumwangalia.

Anti hapo ndo pagumu. Juzi usiku namrudisha nyumbani kutoka mazoezini, tuko kwenye gari, akaniambia mama nikikwambia kitu utanyamaza? Nikasema nitanyamaza. Akasema mwezi wa nane kwenye mazoezi aligongwa akaona giza na nyota, masikio yakalia mpaka usiku, hakumwambia mtu kwa sababu kuna mwenzake anaitaka nafasi yake na ukitoka wiki moja umeshapoteza. Na akasema mpaka leo kwenye kipindi cha hesabu kichwa kinauma na taa za darasani zinamkera, ila daktari akimuuliza anasema hamna kitu. Akaniambia pia kuna wenzake ule mtihani wa kompyuta wanaopimwa ubongo mwanzoni mwa msimu wanaufanya ovyo makusudi, ili wakija kugongwa majibu yasionekane yameshuka. Akamaliza, mama usimwambie baba wala daktari, tafadhali, Ijumaa ndo maisha yangu.

Tangu hapo silali. Na nikiangalia nyuma naona amebadilika, anamfokea mdogo wake kwa vitu vidogo, anajifungia chumbani pazia limefungwa, na yeye alikuwa mtoto wa kucheka.

Baba yake ni mtu mzuri anti, nisije nikamchafua. Anaendesha lori wiki nzima, akirudi hata viatu hajavua anauliza mtoto kacheza vipi. Ujanani kacheza raga Nakuru, mfupa wa bega umeshawahi kuvunjika, na imani yake ni kwamba mwanaume anaumia anaamka. Anasema daktari aliyesoma kashasaini, wewe nani ukatae? Anasema mbona Damar Hamlin, yule mchezaji wa NFL, ligi kubwa ya kulipwa ya mpira huu, moyo ulisimama uwanjani dunia nzima inaangalia na alirudi akacheza. Na mtoto naye ana wa kwake, Tua Tagovailoa, wa NFL hukohuko, aliyegongwa kichwa, kila siku Tua alirudi, Tua alirudi. Halafu kuna suala la hela. Chuo huku ni hela ambayo hatuna, mume wangu keshapiga hesabu zake zote juu ya skolashipu, na wadogo zake wawili wanakuja nyuma.

Mimi nafanya kazi ya kuangalia wazee. Kuna mzee pale, sitasema zaidi maana ni siri ya kazi, alicheza mpira huu mpaka chuo. Saivi hamjui mkewe. Mkewe anakuja kila siku na kila siku anajitambulisha upya, na siku nyingine yule mzee anapiga ukuta ngumi bila sababu. Nikimlisha namuona mwanangu.

Fomu iko kwenye droo ya jikoni. Nikisaini najiona namsukuma mwanangu shimoni kwa mkono wangu. Nisiposaini nitakuwa mama aliyemvunjia mtoto maisha, na baba yake hatanisamehe. Na nikisema alichoniambia, hataniambia kitu tena mpaka naingia kaburini. Nifanye nini?

Mama wa Lainbeka, Texas

MAJIBU YA ANTI

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kwenye nyumba yenu hakuna adui. Mtoto anataka kusimama mahali ambapo kwa mara ya kwanza watu wamemuona, baba anataka watoto wasome bila kuingia kwenye madeni, na wewe unataka mwanao akifika miaka hamsini awe bado anakujua. Wote mnamtakia mtoto huyohuyo mema, na nadhani ndo sababu inauma hivi.

Ila naona umeyabeba mambo matatu ukayafanya moja. Lipo la Ijumaa, lipo la siri, na lipo la kama kijana aendelee na mpira huu kabisa. Ukiyaweka pamoja kila sahihi inakuwa ya kufa au kupona. Mi nakuomba tuyatenganishe, maana hayana haraka sawa, na lile kubwa kabisa ndo lenye muda mwingi kuliko yote.

Tuanze na Ijumaa. Helmeti ilitengenezwa kulinda fuvu lisipasuke, na hiyo kazi inaifanya vizuri. Ila ubongo unaelea ndani. Chukua nazi uitikise karibu na sikio, ganda halina hata mkwaruzo lakini maji unayasikia yanagonga huku na huku, na hicho ndicho hakuna helmeti iliyoweza kukizuia mpaka leo. Ubongo ukishatikiswa hivyo unahitaji muda wa kurudi sawa, na kwa vijana mara nyingi unachukua muda mrefu kuliko kwa watu wazima. Ukigongwa tena kabla haujapona, madhara hayawi yaleyale mara mbili, yanaweza kuwa makubwa kupita kiasi, hata pigo la pili likiwa dogo.

Kuna mtoto wa jimbo la Washington anaitwa Zackery Lystedt, mwaka 2006 alikuwa na miaka 13, aligongwa kwenye gemu akapumzika kidogo akarudishwa uwanjani gemu hiyohiyo. Alipomaliza akaanguka, ubongo unavuja damu. Alipona maisha ila ilimchukua miaka kujifunza upya kuongea na kusimama. Jimbo lake likapitisha sheria yenye jina lake mwaka 2009, na ndani ya miaka mitano majimbo yote 50 yakawa na sheria za namna hiyo. Texas mlipitisha yenu 2011. Kwa sheria hiyo mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko hawezi kurudi siku hiyohiyo, lazima daktari aandike kwa maandishi, kocha haruhusiwi kuwa ndiye anayetoa ruhusa, na mzazi lazima asaini. Kwahiyo mume wako akikuuliza wewe nani ukatae, jibu lipo kwenye sheria, wewe ni mmoja wa watu ambao bila wao mtoto harudi. Mi naona hekima yake. Daktari anamuona mtoto kwa dakika chache, wewe unamuona akifunga pazia.

Sasa angalia ile karatasi ya daktari imesimama juu ya nini. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ambayo peke yake inasema mtikisiko huu umeisha, hata kile kipimo cha CT wakikifanya wanatafuta damu na mifupa iliyovunjika, na mtoto anaweza kutoka na picha safi kabisa na bado ana mtikisiko. Sehemu kubwa daktari anategemea majibu ya mgonjwa, kichwa kinauma? unalala? mwanga unakusumbua? Zile hatua za kurudi uwanjani nazo zimejengwa hivyohivyo, kila hatua angalau masaa 24, dalili zikirudi unashuka hatua moja, na madaktari wengi wanataka mtoto awe anamudu darasa zima bila dalili kabla hajaruhusiwa kugongana na mtu. Mwanao kwa maneno yake mwenyewe hesabu zinamuumiza kichwa. Na lile pigo la mwezi wa nane daktari halijui kabisa, wakati mtu aliyewahi kupata mtikisiko anaangaliwa tofauti. Kwahiyo mwanangu, yule daktari hajakosea, kasaini kuhusu mtoto aliyeelezwa. Tatizo ni kwamba mtoto aliyeelezwa siye anayelala nyumbani kwako.

Hapo ndipo siri inapoingia, na naona ndo inayokuchoma zaidi kuliko fomu. Unaniambia ukisema hatakuambia kitu tena. Inawezekana, sitakudanganya. Atakasirika, anaweza kukununia wiki nyingi. Ila hebu tujiulize kwa nini alikuambia. Miezi yote amenyamaza, kamdanganya daktari, kamficha baba, halafu zikiwa zimebaki siku chache kabla ya gemu kubwa kuliko zote anamwambia mtu mmoja tu duniani ambaye sahihi yake inatakiwa. Sijui moyo wake una nini na sitajifanya najua. Ila kuna watoto wanaosema usimwambie mtu huku wakiwa wamechoka kubeba, na yeye kusema hapana mwenyewe mbele ya timu hawezi. Mama akikataa, anaweza kuwaambia wenzake mama yangu kakataa, na heshima yake ikabaki. Wewe unamjua, wewe ndo utapima kama hilo linafanana na yeye.

Njia ziko zaidi ya moja. Unaweza kurudi kwake kwanza kabla ya mtu yeyote, ukamwambia nilisema nitanyamaza, na nilivyosema hivyo sikujua ni kitu cha ubongo wako, nakupa nafasi uliseme wewe mwenyewe kwa daktari na mimi nitakaa pembeni yako. Hii inamwachia heshima yake, ila hatari yake ni kwamba anaweza kukubali mdomoni na akifika kule akalainisha maneno, kwahiyo na wewe uwe chumbani. Au unaweza kumpigia daktari wewe ukamweleza, mzazi wa mtoto wa miaka 16 ana haki hiyo, na ukamwomba amwite amwangalie upya. Ni haraka zaidi na ni salama zaidi kwa ubongo, ila mtoto atajua ni wewe. Au unaweza kunyamaza ukasema tu sisaini na usitoe sababu. Hii naiona ina hatari kuliko inavyoonekana, kwa sababu baba yake atabaki anapigana na hofu yako badala ya kupambana na ukweli, na baba akisaini yeye utafanyaje? Mzazi mmoja akitosha kisheria, kunyamaza kwako hakujamlinda mtoto. Kwa hiyo kwenye hili moja siwezi kuzunguka, daktari akijua na akarudia kusema yuko sawa, hapo mtakuwa mnabishana kuhusu mpira. Kabla hajajua, mnabishana mkiwa hamna taarifa.

Tukija kwa baba watoto. Umeniambia anaamini mwanaume anaumia anaamka. Mi sidhani anapuuza, nadhani anaogopa kitu kingine, anaogopa ada. Na huenda anaupima mchezo huu kwa bega lake. Bega linavunjika, linafungwa, linapona, unaliona kwa macho. Muulize kama amewahi kusikia habari za Steve Thompson, alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyochukua Kombe la Dunia la raga 2003, na mwaka 2020 alijitokeza hadharani, ana miaka 42, kaambiwa ana dalili za mapema za dementia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na anasema hakumbuki kucheza ile fainali. Huyo ni mtu wa raga kama yeye. Simleti hapa ili umshinde mumeo kwenye mabishano, namleta kwa sababu habari za mtu wa mchezo wake mwenyewe zinaweza kumfikia pale ambapo hofu ya mama haijafika.

Na mifano yao waangalieni yote, isiwe nusu. Hamlin aliangukia uwanjani Cincinnati tarehe 2 Januari 2023, alipigwa kifuani moyo ukasimama, na aliokolewa kwa sababu watu wenye ujuzi na mashine ya kushtua moyo walikuwa hatua chache kutoka pale alipolala. Madaktari walimruhusu kucheza tena Aprili, baada ya kupimwa na wataalamu kadhaa. Ule ulikuwa moyo, sio ubongo. Tua yeye Septemba 2022 aligonga kichwa chini, akaamka anayumba, akarudishwa gemu hiyohiyo, na siku nne baadae Cincinnati akagongwa tena akatolewa na machela vidole vimekakamaa. Ligi ilibadilisha utaratibu wake siku chache tu baada ya hapo, mchezaji akiyumba hivyo harudi. Alirudi kweli, na Septemba 2024 akapata mtikisiko mwingine. Kijana wako akisema Tua alirudi, muulize kwa upole anazungumzia mara ya ngapi.

Yule mzee unayemlisha. Hapa mwanangu nataka nikushike mkono kidogo, maana naona hofu yako imechukua sura yake. Dementia ina sababu nyingi, wapo wazee wengi hapo kazini kwako ambao hawajawahi kugusa huo mpira, na huwezi kujua kwa kumwangalia yake imetoka wapi. Ugonjwa unaouogopa unaitwa CTE, kuharibika kwa ubongo kunakohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, na mpaka leo unathibitishwa baada ya mtu kufa tu, kwa kuukata ubongo na kuuangalia. Aliyewafungua watu macho ni mwenzetu Mwafrika, daktari Bennet Omalu kutoka Nigeria, alipoupasua ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa timu ya Pittsburgh, aliyefariki 2002 akiwa na miaka 50, na mwaka 2005 akaandika alichokiona, ligi ikambishia wazi. Mwaka 2017 watu wa Boston University walitoa hesabu iliyotikisa nchi, wachezaji 111 wa NFL ambao ubongo wao ulichunguzwa, 110 walikuwa nao. Hiyo namba najua umeiona, inazunguka kwenye simu za akina mama wote. Ila ubongo ule ulitolewa na familia ambazo nyingi zilikuwa zimeshaona mtu wao ameharibika, kwahiyo haisemi wachezaji 110 kati ya 111 wote duniani wataugua. Na kwenye utafiti huohuo walioishia hai skuli walikuwa 14, wenye ugonjwa ni watatu. Sikuambii ulale usingizi. Watatu ni watoto wa watu, na 2023 hao hao walichunguza vijana 152 waliofariki kabla ya miaka 30 wakaukuta kwa 63. Ninachokuambia ni kwamba kinachoonekana kuongeza hatari ni miaka ya kucheza na wingi wa kugongana, hata kule kugongana kusikoleta dalili, kwahiyo gemu moja haijamhukumu mwanao na wala kukosa gemu moja hakumalizi swali.

Sasa lile kubwa, aendelee au aache. Kwanza hesabu ya skolashipu, kwa sababu naona nyumba nzima imeiegemea. Kwa takwimu za NCAA wenyewe, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wachezaji wa hai skuli wa mpira huu wanaofika kucheza chuo kwenye mashindano yao ni takriban 7 kwa kila 100, na ndani ya hao wapo wengi wanaochezea vyuo vya daraja la tatu ambavyo skolashipu ya michezo hawatoi kabisa. Mwanao anaweza kuwa kwenye hao wachache, sijamuona akicheza. Ila nauliza tu, kuna mtu mezani kwenu ameshakaa na mshauri wa shule kuangalia misaada ya masomo, vyuo vya jamii, fomu za serikali za msaada wa ada? Baba akiona kuna mlango wa pili, huenda asiushikilie huu wa kwanza kwa nguvu zote hivyo. Na hao watu wa chuo wana video. Gemu alizocheza hazifutiki kwa sababu Ijumaa hakuwepo, na chuo kitampima afya chenyewe kabla ya kumchezesha, kwahiyo kinachofichwa leo kinaweza kuulizwa kesho mbele ya daktari mwingine.

Mkiamua aendelee akipona, yapo ya kuuliza na usione haya kuyauliza. Sheria za michezo ya shule Texas zinaweka mwisho wa dakika 90 kwa wiki za mazoezi ya kugongana kwelikweli wakati wa msimu, muulize kocha kwake ni ngapi. Yule mtaalamu aliyemkamata mwanao mkono, je yupo na mazoezini au siku ya gemu tu? Maana pigo la mwezi wa nane lilikuwa mazoezini na hakuna aliyeliona. Mashine ya moyo iko wapi, na funguo anazo nani? Ile kofia laini ya kuvalisha juu ya helmeti, NFL wanailazimisha kwenye mazoezi kwa nafasi kadhaa tangu 2022, muulize kama wanazo, ila usije ukaiamini kupita kiasi, inapunguza nguvu ya pigo na mtikisiko haiuzuii. Na ule mchezo wa kuharibu mtihani wa kompyuta makusudi, kocha anaujua? Unaweza kuuliza bila kutaja jina la mtoto hata mmoja.

Mkiamua aache, nako kuna uzito wake na sitaki uingie bila kuuona. Atapoteza timu, ratiba yake ya kila siku, jina lake dukani. Wapo vijana wanaoingia kwenye giza baada ya hapo, na wewe umeshaniambia amebadilika. Hasira, kujifungia, kuchukia mwanga, hizo zinaweza kuwa za mtikisiko wenyewe, zinaweza kuwa za mawazo, zinaweza kuwa vyote, kwahiyo mwambie daktari na hilo, asilione kama tabia mbaya ya ujana. Akianza kusema maneno ya kukata tamaa na maisha, namba ya msaada 988 inapokea simu na meseji usiku na mchana huko mliko. Na akitapika mara kwa mara, akiongea ovyo, akishindwa kuamka vizuri, akipata degedege, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, hapo hakuna kikao cha familia, ni namba ya dharura, 911.

Kuna na njia ya katikati watu wanaisahau. Kupumzika mpaka msimu uishe, kichwa kipone kabisa, halafu mwezi wa pili au wa tatu mkae wote bila presha ya Ijumaa mkaamue kuhusu mwaka wa mwisho. Anaweza kubaki na timu benchini, akaangalia video na makocha, akakimbia riadha msimu wa machipuko kama daktari ataruhusu. Itamuuma na pengine nafasi ataichukua yule mwenzake, sitaficha. Na wewe ukumbuke pia kwamba akifika miaka 18 atakuwa anasaini mwenyewe, kwahiyo kilicho mikononi mwako saivi zaidi ya kalamu ni kumfundisha akubali kusema kichwa kinauma na dunia isimwangukie.

Ulivyoandika nikisaini namsukuma shimoni, nisiposaini namvunjia maisha, mi naona umejipa kazi ambayo si ya mtu mmoja. Daktari ana sehemu yake, shule ina yake, baba ana yake, na kijana wa miaka 16 naye ana yake. Kalamu imefika kwako mwisho tu.

Na hiyo Ijumaa ni ya watu wa chuo, fomu yenyewe haina Ijumaa, inaweza kukaa kwenye droo mpaka mjue mnachosaini. Kama naweza kukuomba kitu kimoja, kijana akishajua kuwa utasema, piga simu kwa daktari mapema kabla hujaongea na kocha, umuulize hivi: ungejua kuna pigo la mwezi wa nane na kichwa bado kinauma darasani, ungesaini? Jibu atakalokupa mpelekee mumeo kama lilivyo bila kuliongezea kitu, na mlizungumze nyie wawili kwanza mkiwa mmekaa, asiwe barabarani na lori.

Anti